Mezani Emau, Mkono wa Kushoto

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa, na hilo ndilo lililonifanya niitake. Miaka miwili nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kukata kadibodi katika karakana ya fremu za picha, pale Mesquite, mji wa Texas, na magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika kila nikipanda ngazi. Kisha mama aliyekuwa mkaguzi akahamia kwa binti yake jimbo jingine. Mwenye karakana, mzee wa Kitexas aliyesema polepole kana kwamba kila neno analikata kwa msumeno, akanijia akasema, "Wewe una macho. Kaa pale mwezi mmoja, tuone."

Pale ni meza ya mwisho, karibu na mlango wa lori. Kila picha iliyokwisha kutiwa fremu ilipita kwangu. Nilitazama vumbi, mikwaruzo ya mbao, pembe kama zimekutana, waya wa nyuma kama umekaza. Nikiridhika, nabandika nyuma yake stika nyeupe na kutia sahihi. Bila sahihi yangu picha haipandi lori. Mimi sikuwahi kuwa na neno la mwisho juu ya kitu chochote, hata nyumbani kwangu, kwa hiyo siku ya kwanza niliandika polepole mno hata jina langu likaonekana la mtu mwingine.

Mwezi ukiisha vizuri, kiti kinakuwa changu. Ukiisha vibaya, narudi kwenye kadibodi. Niliandika hivyo kwenye daftari langu, maana nina mazoea ya kuandika mistari michache kila siku baada ya chakula, ingawa shule niliishia darasa la saba Mombasa na sijui kama ninachoandika kina maana kwa mtu mwingine. Haya nimeyanakili kutoka daftari hilo. Palipo na pengo nimejaza kwa kukumbuka, na kukumbuka kwangu si kwa kuaminiwa sana.

Wiki ya tatu ikaja oda ya Pearland, kando ya Houston. Mwalimu mstaafu wa Houston, mama aliyefundisha historia ya uchoraji chuoni miaka mingi, alitaka kulizawadia kanisa lake picha nne kubwa za ukumbi, zitundikwe kabla ya Pasaka. Alikuwa ametoa slaidi zake mwenyewe, vile vipande vya filamu alivyokuwa akiwamulikia wanafunzi ukutani, akazipeleka kwa wachapaji, wakazichapa juu ya turubai. Turubai zikaja kwetu zimekunjwa kama mikeka.

Tulipozikunjua, watu waliacha meza zao wakaja kutazama. Nilikuwa nimezoea kukagua maua, farasi, na nyumba za mbao kando ya ziwa. Hizi zilikuwa giza tupu, na ndani ya giza watu wakubwa kama sisi, wamemulikwa upande mmoja kama vile mtu amefungua mlango ghafla. Mwalimu alikuwa ametuma karatasi ya maelezo. Wachoraji hawa walikuwa Italia miaka mia nne iliyopita, na hawakutaka kuchora mitume wenye nyuso za malaika. Waliwachukua watu wa mtaani, wachukuzi, wauza mboga, wazee wa masokoni, wakawaketisha wawe Petro na Tomaso, na kucha zao, na miguu yao michafu. Wengine kanisani walikasirika.

"Na wangenikuta mimi je?" akauliza mwenzangu wa meza ya pili. Huyu alikuwa dada wa Nakuru, mdogo wangu kwa miaka kumi, anayefunga pembe za fremu asubuhi na kusomea uuguzi jioni. Mkristo wa kwaya, mcheshi, mdomo hauna breki. "Wangenifanya Mariamu ama wangenifanya punda?"

"Inategemea wamekukuta saa ngapi," nikamwambia. "Kabla ya chai, punda."

"Aki dada, wewe una roho mbaya."

Yeye ndiye aliyenisomea zile picha. Ya kwanza niliijua mwenyewe.

"Nabii Ibrahimu," nikasema. "Kisu hicho, na malaika amemshika mkono."

"Na huyo aliyelazwa ni Isaka."

"Kwetu sisi ni Ismaili."

"Si tuanze."

"Sijaanza. Nimesema kwetu."

Tukaitazama ile sura iliyobanwa juu ya jiwe, mdomo wazi, na tukaacha ubishi, maana mtoto anayelia hana dini. Halafu akasema, "Angalau kondoo ni yule yule," na mimi nikakubali kwamba juu ya kondoo hatuna ugomvi.

Ya pili ilikuwa Petro gerezani. Mzee kalala chini na minyororo, nyayo zake zimekuelekea wewe mtazamaji, visigino vimepasuka kama vyangu, na malaika anamgonga ubavuni aamke. Nikauliza malaika mzuri hivyo anapigaje watu. "Mtu amelala fofofo na mlango uko wazi," akasema, "abembelezwe?"

Ya tatu ilikuwa Tomaso, aliyesema hataamini mpaka atie kidole chake kwenye jeraha la Yesu. Na kidole kilikuwemo kweli, hadi kwenye pingili, na Tomaso amekunja paji la uso kama fundi anayechungulia tundu la bomba. Niligeuza macho. Mwenzangu akacheka: "Usimkimbie. Huyo ndiye babu wa wakaguzi wote."

Na ya nne, chakula cha Emau. Akanieleza: wanafunzi wawili wametembea njia nzima na mgeni, hawakumjua. Wamefika nyumba ya wageni, wameketi kula, mgeni akaubariki mkate, na hapo hapo wakamtambua ni Yesu, ambaye wao walijua amekufa. Mchoraji alikuwa ameikamata nukta ile ile. Mmoja ananyoosha mkono kwenye kuku na mkono umekwama hewani. Wa pili ameshika ukingo wa meza. Mwenye nyumba anamimina kitu kutoka kwenye jagi na hajaelewa kinachoendelea, masikini. Niliipenda. Hata sasa naipenda kuliko nyingine zote.

Lakini lazima niseme jambo. Dini yangu haichori manabii, na Yesu huyo kwangu ni Nabii Isa. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na mashaka, nikamwuliza mume wangu, anayeendesha teksi ya uwanja wa ndege.

"Wewe unakagua fremu," akasema. "Hukuchora."

"Na kuitazama je?"

"Utakaguaje bila kutazama?"

Sikuwa na hakika kama hilo lilikuwa jibu, lakini ndilo nililopata, na chai ilikuwa inapoa.

Kesho yake nikaanza kukagua sawasawa. Nilikuwa nimefika kwenye Emau, natafuta mikwaruzo kwenye pembe ya chini, macho yakapanda mpaka mezani, na moyo wangu ukashtuka kabla sijajua kwa nini. Nikatazama tena. Nabii anaubariki mkate kwa mkono wa kushoto. Yule wa kuku kanyoosha wa kushoto. Mwenye nyumba anamimina kwa kushoto. Hata aliyeshika meza, kisu kidogo cha kukatia kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto.

Nikamwita mwenzangu.

"Hawa wote ni mashoto?"

Akaangalia. "Sasa?"

"Sasa! Nabii ale kwa shoto?"

"Hajala, anabariki."

"Ndiyo mbaya zaidi!"

Akaniambia Yesu ni Bwana wa mikono yote miwili. Mimi nikamwambia sikatai, lakini meza nzima? Kwetu pwani mtoto anajua mkono wa kulia kabla hajajua jina la baba yake. Bibi yangu alikuwa akikuona umepeleka shoto kwenye sahani, hakusemi, anakuchapa kidole kwa mwiko na kuendelea na mazungumzo. Najua wako watu walioumbwa mashoto, na siku hizi naona walionewa. Mmoja mezani, sawa. Wanne?

"Labda picha imegeuzwa," nikasema. "Kama shati lililovaliwa ndani nje." Nilivyolitamka tu nikaona ni upuuzi. Picha imepita kwa mwalimu wa chuo, na kwa wachapaji, na kwa mwenye karakana. Mimi wa darasa la saba ndiye niliyeona?

Nikaenda kwenye Tomaso. Kidole kilichozama jerahani kilikuwa cha mkono wa kushoto.

Mchana ule nilikuwa nimeleta sufuria ya pilau, maana ilikuwa zamu yangu kulisha meza zetu. Mwenzangu akapata wazo. Akaburuta meza ya kufungia chini ya taa moja, akazima nyingine, akaiegemeza Emau ukutani tuione, akaanza kutupanga. Mimi nikawa mwanafunzi wa kuku. Dereva wa lori, Mmeksiko mnene mwenye masharubu ya kujivunia, akawa mwanafunzi wa pili.

"Na kiti cha katikati?" dereva akauliza.

"Hicho hakikaliwi," akasema mwenzangu.

"Hakikaliwi," nikasema mimi pia, kwa pamoja naye, na tukatazamana. Kwa sababu zake na zangu, kiti kikabaki kitupu.

"Haya. Mmemwona. Mmeshtuka. Nyoosheni mikono kwenye chakula bila kufikiri. Sasa!"

Tukanyoosha. Mimi wa kulia. Dereva wa kushoto.

"Wewe ni mashoto?" nikamwuliza.

"Tangu nizaliwe. Kuna tatizo?"

"Hakuna," nikasema, na uso wangu ulikuwa moto.

"Jaribio limefeli," akatangaza mwenzangu. "Nusu kwa nusu."

Hapo ndipo mzee mwenye karakana alipoingia. Akasimama mlangoni akitazama wafanyakazi wake wameganda gizani mbele ya pilau, mikono hewani.

"Bosi, umefika saa nzuri," mwenzangu akamwambia bila kupepesa. "Amebaki mwenye hoteli. Shika jagi."

Nilidhani siku zangu zimekwisha. Lakini mzee akaitazama picha, akatutazama sisi, akavua kofia yake, akashika jagi la chai ya barafu na kunimiminia. Kwa mkono wa kulia. Kisha akauliza, polepole kama kawaida yake, ni nini hasa tunachofanya. Nikamweleza yote. Kiingereza changu kilinikimbia mara mbili na mwenzangu akakirudisha.

Mzee akafikiri. "Labda mchoraji mwenyewe alikuwa mashoto."

"Labda," nikasema. Sikuwa nimewaza hilo.

"Labda wale wanne walikuwa mashoto kweli."

"Labda."

"Hapa kwetu tuko watu kumi na mmoja," mwenzangu akadakia, "na mashoto ni huyu peke yake."

"Peke yangu, lakini nafanya kazi ya watu wawili," akasema dereva, mdomo umejaa pilau.

Mzee akavaa kofia. "Lori linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Sahihi ni yako, mama." Akachukua sahani, akajipakulia, akaenda zake ofisini.

Usiniulize nilivyokula siku ile. Niliandika kwenye daftari safu mbili. Upande mmoja: nikitia sahihi na picha imegeuzwa, jina langu liko nyuma yake, Pearland, ukutani, miaka yote. Upande wa pili: nikikataa na picha iko sawa, nimewakosesha watu Pasaka yao, nimemwaibisha mzee, na kiti kwaheri. Safu zilikuwa sawa kwa urefu. Nilizihesabu mistari.

Asubuhi nikatia sahihi Ibrahimu. Nikatia sahihi Petro. Nikaweka kalamu chini.

Mzee akampigia simu mwalimu, mimi nimesimama pale. Akasikiliza sana. Akaziba simu kwa kiganja. "Anasema amezifundisha picha hizi miaka thelathini na ziko sawa. Una hakika wewe?"

"Sina."

"Basi tia sahihi."

"Lakini sina hakika pia kwamba ziko sawa."

Alinitazama kwa muda mrefu hata nikasikia mashine ya kukatia mbao inazimwa upande wa pili. Nilijua ninaonekana mbishi, na kwa haki yake, mtu mwenye oda ya haraka ana sababu ya kukasirika. Hakukasirika. Akasema kwenye simu kwamba mizigo inakuja, kisha akaniambia, "Panda lori. Kamwambie mwenyewe." Na mwenzangu akatumwa nami, kwa kuwa ukutani panahitajika mikono ya kutosha ya kuinua.

Kutoka Mesquite hadi Houston ni saa nne na kitu ukienda kwa adabu. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati, magoti yamebanwa. Dereva alikuwa na neno lake.

"Mezani sawa," akasema. "Wanne, hata mimi nashangaa. Lakini Tomaso yuko peke yake. Umemkamata kwa kosa gani?"

"Kwa kuwa amekuja na wenzake."

"Sasa hapo unasema kama polisi."

Mwenzangu alicheka mpaka akapiga dashibodi. Mimi nikatazama barabara, na ukweli ni kwamba sikutafuta jibu vizuri. Nilikuwa nimeshaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaona kila slaidi imegeuka. Dereva akasema watu kama yeye wamezoea, mwalimu wake wa kwanza alimfunga mkono kwa kamba ya viatu. Nikamwambia bibi yangu alitumia mwiko. "Kwa hiyo tumekutana," akasema, "kamba na mwiko," akawasha redio.

Mwalimu alikuwa mama mwembamba, mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alitupokea vizuri, alitupa maji baridi ya limau, lakini nilimwona amejikaza. Ningekuwa mimi ningejikaza zaidi. Mtu umefundisha maisha yako yote, halafu karakana inakuletea mama wa stika akusahihishe.

Tukaiegemeza Emau kwenye kochi. Akavaa miwani.

"Tazama mwanga," akaniambia, kwa upole, kama anavyosema mtu aliyezoea darasa. "Kwa mchoraji huyu mwanga hutoka kushoto, karibu daima. Hapa tu ndipo unatoka kulia. Ndiyo maana picha hii ni ya pekee. Nina somo zima juu yake. Mwanga umehama upande kwa sababu ulimwengu wa wale wanafunzi umegeuka."

Lilikuwa somo zuri. Nasema kweli, lilinigusa, nikataka picha iwe sawa kwa ajili yake. Nikamwambia, "Mama, mimi sikusoma mambo ya mwanga. Mimi naona mikono tu. Kwetu hakuna meza ya watu wanne ambapo wote wanatumia kushoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kushoto ni kwa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

Mwenzangu akakohoa. "Dada, usimweleze," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Tumekunywa limau yake."

Mwalimu akatutazama mmoja baada ya mwingine, na nadhani alielewa, maana pembe ya mdomo ilimcheza. Akafikiri kidogo. Halafu akasema kiko kitabu, kikubwa, cha Kiitaliano, alikinunua kabla hajaanza kufundisha na hajakifungua tangu alipopata slaidi. Dereva akapanda kiti akakitoa rafu ya juu. Kilikuwa kizito kama tofali, picha zake nyeusi na nyeupe. Akakiweka magotini na kufunua kurasa, nasi tumesimama nyuma ya kochi kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Kweli kulikuwa mtihani, wangu na wake, na haikuwezekana sote tufaulu.

Akasimama kwenye ukurasa mmoja.

Niliinama nikaona. Nabii ameinua mkono wa kulia. Kuku, wa kulia. Jagi, wa kulia. Kisu, wa kulia. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto, kama picha nyingine zote za mtu yule.

Sikufurahi. Nilitaka kufurahi, lakini niliona mabega ya yule mama yanatikisika nikadhani analia, nikaweka mkono wangu begani pake bila ruhusa. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akavua miwani.

"Slaidi," akasema. "Niliitia mwenyewe kwenye fremu yake ndogo. Kinyumenyume. Miaka thelathini! Somo zima! Kuna wanafunzi wangu leo ni walimu, na wanalifundisha!" Akashika kitabu kifuani. "Ulimwengu umegeuka, kweli. Nimeugeuza mimi."

Hapo na sisi tukacheka, kwa kuwa alitupa ruhusa. Mwenzangu akamwambia somo bado ni zuri, atafute tu picha nyingine ya kulibandikia.

Nikaomba atutazamie na Tomaso. Akafunua mbele kurasa chache. Tomaso alikuwa pale, paji limekunjwa, kidole ndani. Mkono wa kushoto, mwanga kutoka kushoto, sawasawa kabisa na Tomaso wetu aliyekuwa ameegemezwa mlangoni.

Dereva alinigeukia. Alikunja mikono kifuani na kungoja.

"Nimekosa," nikamwambia. "Ulinieleza njia nzima na sikukusikiliza."

"Si mimi uliyemkosea," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Basi nikapiga magoti sakafuni kwa yule mama, na magoti yakalia, nikabandika stika nyuma ya Tomaso na kutia sahihi, herufi kubwa. Dereva akashuhudia. Mwenzangu akauliza kama nitamwomba radhi kwa Kiswahili au Kiebrania.

Tukaenda Pearland, mwalimu mbele yetu na gari lake. Ukumbi ulikuwa mweupe, unanuka rangi mpya na kahawa. Tukatundika Ibrahimu, Petro, na Tomaso. Ukuta wa nne ukabaki mtupu na misumari yake miwili. Mwalimu akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene: Chakula kinakuja. Akaibandika pale katikati.

Emau ilirudi nasi Mesquite, slaidi ikageuzwa, ikachapwa upya. Ilifika Pearland wiki moja baada ya Pasaka. Hilo nalitaja kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki, na mwenzangu anakisimulia sana, huliruka. Watu wa ukumbi ule walisherehekea Pasaka yao mbele ya karatasi, na kama ningeona mikono ile siku mbili mapema, au kama ningekuwa na ujasiri wa kusema pale pale nilipoiona badala ya kuchezesha watu maigizo na pilau, pengine isingekuwa hivyo. Mwenzangu anasema natafuta makosa kwa tochi. Huenda.

Mwezi wangu ulikwisha Jumatatu. Mzee alikuja mezani kwangu, akavuta kigoda cha mbao akakalia.

"Umesimamisha mbili," akasema. "Moja ilikuwa sawa."

"Nusu," nikakubali.

"Na Pasaka imetupita."

"Imetupita."

"Aliyekuwa hapa kabla yako hakusimamisha hata moja kwa miaka sita."

"Labda hazikuwa na kosa," nikasema, maana mama yule hakuwepo kujitetea, na stika zake nilizoziona zilikuwa zimenyooka kuliko zangu.

Mzee akanitazama tena kwa ule mtazamo wa siku ya simu. Sijui aliona nini. "Mwalimu amepiga simu asubuhi hii," akasema. "Ana oda nyingine, picha sita. Anataka zikaguliwe na mama wa mikono." Akainuka, akajipangusa vumbi la mbao. "Kiti ni chako. Lakini ukiona kitu, uniambie pale pale. Usinipikie kwanza."

Nikasema ndiyo. Mwenzangu kule meza ya pili akagonga nyundo mara tatu juu ya ubao mtupu, ndiyo makofi yake.

Picha ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya ofisi ya wakili mmoja wa Lewisville. Ng'ombe watatu wa pembe ndefu, wamesimama majanini, wanatazama huku. Nikakagua pembe za fremu. Nikakagua waya. Nikawatazama ng'ombe mmoja mmoja, kushoto na kulia, mara mbili, mpaka dereva akaniuliza kutoka mlangoni natafuta nini tena. Ng'ombe, alhamdulillahi, hana mkono. Nikatia sahihi.